Nimekubali Kumuoza

Machano Duni alipelekwa Ujerumani ya Mashariki kusomea mabomba, akarudi Unguja na elimu ya roho za watu. Mabomba nayo aliyajua, tusimdhulumu. Mifereji aliyoifunga katika majumba mapya ya Kikwajuni ilitoa maji kila siku ambayo maji yalikuwapo. Lakini fundi wa mabomba hakusanyi watu barazani wakamsikiliza, na Machano alikuwa mtu wa kupenda sana kusikilizwa.

Elimu hiyo ya roho hakuipata darasani. Darasani walimfundisha kupinda vyuma na kuimba nyimbo za wafanyakazi. Aliipata jikoni kwa bibi aliyempangisha chumba, mjane mmoja wa Leipzig aitwaye Hedwig. Marehemu mume wa bibi huyo, zamani kabla ya vita, aliwahi kulazwa kwenye kochi la daktari mmoja wa mji wa Vienna. Hakulazwa kwa homa wala kwa kuvunjika mguu. Alilazwa ili aseme: ndoto zake, matusi yake, mambo ya utotoni, lolote lililomjia kichwani, na daktari yuko nyuma yake kimya, ana kalamu. Serikali ya kule haikuipenda elimu ile, na majirani hawakutaka kuisikia, basi bibi wa watu akammwagia yote mpangaji wake wa Unguja kila jioni kwenye supu ya viazi. Kijerumani cha Machano wakati huo kilitosha kuombea spana na mkate. Alifahamu nusu, na nusu ya pili akaijaza mwenyewe.

Alivyofahamu yeye ni hivi. Ndani ya kila mtu mna watu watatu. Wa chini ni mlafi, yeye anataka tu, hajui saa wala haya. Wa juu ni mkali, kazi yake ni kukaripia. Wa katikati ni masikini ya Mungu, anasukumwa na huyu na kuvutwa na yule, na huyo ndiye anayejiita "mimi." Machano aliposikia hayo karibu aruke kwa furaha. Mbona ni yale yale ya chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani! Nafsi ammara inayoamrisha maovu, nafsi lawwama inayolaumu, na nafsi mutmainna, ile iliyotulia. Kwamba nafsi iliyotulia na yule masikini anayesukumwa hawafanani hata kwa ukope, hilo halikumshughulisha. Tatu kwa tatu, hesabu imekaa sawa.

Tena kuna ghala chini kabisa, alisema bibi, ambamo mtu huyazika mambo anayoona haya kuyajua, asiyaone hata mwenyewe. Lakini hayafi huko. Yanatafuta tundu la kutokea. Hapa Machano alikuwa nyumbani kabisa, kwani hii ni kazi ya bomba: maji machafu ukiyaziba huku, yatafumka kule. Yanatokea ndotoni. Yanatokea mtu anaposahau jambo lisilosahaulika. Na zaidi yanatokea mdomoni, pale mtu anapotaka kusema neno hili akasema lile. Kutoka hapo Machano alichonga msemo wake mmoja, na aliporudi Unguja mwaka wa sitini na saba alishuka nao kwenye ndege kama wenziwe walivyoshuka na redio.

"Hakuna kuteleza," alisema. "Ulimi haukosei. Ulilosema ndilo unalolitaka."

Mtaa wa Mlandege ulimpokea kwa mikono miwili. Alipanga chumba nyuma ya maduka, na kila alasiri baada ya kazi alikaa barazani akiwa na suruali yake ya Kijerumani iliyopigwa pasi, akawafungulia watu roho zao bila ya kuombwa. Watu wakamwita Fundi Nafsi. Mwenye duka mmoja aliyetaka kuiambia foleni kwamba sukari imekwisha, ulimi ukamponyoka akasema "askari imekwisha," aliambiwa na Fundi Nafsi mbele ya foleni nzima kwamba moyoni mwake anaiogopa dola na anaiombea ife. Mwaka wenyewe ulikuwa wa sitini na tisa, na neno kama hilo lilimtosha mtu kwenda jela. Mwenye duka alifunga mlango siku mbili akijiuliza ni nani mwengine aliyesikia, na watu wakakosa sukari na chumvi na viberiti kwa ajili ya maendeleo ya elimu.

Mtu mwenye macho angeona kwamba Fundi Nafsi naye alikuwa na vyake. Mafundi wote wa mji walikuwa na baiskeli. Machano alibeba mabomba begani, kutoka Mlandege mpaka Kikwajuni, jua la saa saba likimchoma utosini. Ukimwambia apande nyuma ya baiskeli yako, jasho lilimtoka na rangi ikambadilika. "Magoti," alisema. Magoti hayo yalipanda na kushuka ngazi za majumba ya Kikwajuni kutwa nzima, na hayakuwahi kutoa malalamiko. Tena ukimuuliza jamaa zake, jibu lake lilikuwa moja: "Mimi kwetu nipo peke yangu." Alilisema haraka, kama mtu anayefunga koki. Hakuna aliyemtilia shaka, na yeye, aliyekuwa akimtilia shaka kila mtu mpaka muadhini, hakujitilia.

Sasa tuje kwa Jecha. Jecha alikuwa fundi viatu, jirani wa Machano, mtu mpole ambaye hata misumari alikuwa akiigonga kwa adabu. Siku moja mkewe, Bi Tabia, alimuandalia chakula cha mchana. Jecha akatia tonge mdomoni, akatafuna, akasema, "Mwatima, hebu nipe chumvi."

Bi Tabia hakumpa chumvi. Alikwenda moja kwa moja mpaka barazani kwa Fundi Nafsi.

"Kaniita Mwatima," akasema. "Na mimi jina langu analijua, miaka yote hii."

Machano alifumba macho kidogo, kama alivyoambiwa kwamba daktari wa Vienna alikuwa akifumba. "Bi Tabia, mimi sisemi kitu," akasema, akaanza kusema. "Lakini hakuna kuteleza. Jina halitoki bila ya mwenyewe kuwamo. Na chumvi je? Anaomba chumvi kwa Mwatima! Maana yake kwako haoni ladha."

Jecha alikuja mbio, miguu mitupu, kiatu cha mtu mkononi. "Sikiliza Machano, Mwatima ni—"

"Usijitetee," Machano akamkata. "Mwenye kujitetea ndiyo kwanza anathibitisha. Kule Ulaya hilo wanalijua."

Jecha akanyamaza, kwani angefanya nini? Akisema, amekiri, asiposema, amekiri. Jioni ile ile Bi Tabia alifunga sanduku lake akaenda zake Bububu kwa kaka yake, Mzee Kificho, na Machano akambebea sanduku mpaka kituo cha basi, akapanda naye basi, akamfikisha hadi mlangoni, kwa sababu ya utu. Huko Bububu, ukumbini kwa Mzee Kificho, alikuwa amekaa binti wa mwenye nyumba, Mwanapili, anashona kofia ya viua, tundu kwa tundu, sindano inaingia na kutoka na macho yake hayanyanyuki. Aliyanyanyua mara moja tu, kumtazama mtu aliyeleta sanduku. Machano alirudi Mlandege akiwa hana hali. Ni nafsi ipi kati ya zile tatu iliyobeba sanduku lile mpaka Bububu, hakuiuliza.

Posa ilikwenda, ikajibiwa vyema. Mzee Kificho hakuwa na imani na mambo ya nafsi, ila alikuwa na imani kubwa na mfereji uliofungwa uani kwake na mchumba, bure. Na Mwanapili? Alipoulizwa na mama yake alisema mtu huyu anasema sana, lakini akicheka anacheka vizuri, na yeye yuko tayari. Machano alimpenda kwa dhati. Hilo si la kufanyia mzaha. Alikuwa anakwenda Bububu kukaza koki ambazo hazikulegea, asikie tu sauti yake akisema ndani, "Hodi ya nani?"

Nikaha ikawekwa Ijumaa, mwaka wa sabini, nyumbani kwa Mzee Kificho. Wanaume walijaa ukumbini juu ya mikeka. Wanawake wamo chumbani, pazia limeshushwa mlangoni, na nyuma ya pazia kila sikio la Bububu limesimama. Uani pilau inatokota. Mchele wake ulipatikana kwa kupangia foleni nyumba nzima, mpaka bibi asiyeona alipelekwa akasimama kwenye mstari, na kila mgeni aliyekaa ukumbini alikuwa anaisikiliza hotuba ya shehe kwa pua. Jecha naye alialikwa, masikini, akakaa pembeni karibu na viatu.

Shehe akaushika mkono wa Machano. "Ewe Machano bin Duni, nimekuozesha Mwanapili binti Kificho kwa idhini ya walii wake na kwa mahari mliyopatana."

Machano aliyajua maneno yake. Aliyafanyia mazoezi wiki nzima, akiyasema ndani ya mabomba matupu asikie yanavyorudi. Akakohoa, akafungua mdomo.

"Nimekubali kumuoza Mwanapili binti Kificho, kwa mahari tuliyopatana."

Ukumbi ukapigwa na butwaa. Kuoa ni kuoa, na kuoza ni kumpa mtu mwengine aoe. Herufi moja tu, lakini kwa herufi hiyo bwana arusi alikuwa amesimama mahala pa baba mkwe.

"Unamuoza kwa nani?" akauliza mzee mmoja wa mstari wa mbele. "Mimi nna nafasi."

Watu wakacheka. Shehe hakucheka. "Rudia, mwanangu. Taratibu."

Machano akafuta jasho. Aliuhisi mkono wa shehe umemfumbata wake, mkavu na wa moto, na kitu kikamtambaa mgongoni ambacho hakukijua kilitoka wapi. "Nimekubali," akasema, "kumuoza."

Safari hii hakucheka mtu. Na katika ukimya ule, nyuma ya pazia, sauti ya Bi Tabia ikalia utadhani tarumbeta.

"Hakuna kuteleza! Si maneno yako hayo, Fundi Nafsi? Ulilosema ndilo unalolitaka! Mimi nshahama kwa mume wangu kwa neno moja, na wewe umesema mara mbili mbele ya shehe!"

Hapo Machano alikwama. Akisema ni ulimi tu umeponyoka, basi ndoa ya Bi Tabia aliivunja kwa upuuzi, na askari ya yule mwenye duka nayo ni sukari tu, na yeye si Fundi Nafsi tena, ni fundi wa mabomba mwenye suruali nzuri. Akishikilia elimu yake, basi hamtaki Mwanapili, anataka kumgawa. Mtu aliyewafumbua wenzake miaka mitatu alikuwa hana hata neno moja la kujiambia, na aliogopa, aliogopa sana, kwamba huenda kweli.

Ndani yule bibi arusi akamnong'oneza mama yake, na mama akatoka kumwambia Mzee Kificho: Mwanapili anasema nikaha isimame kwanza. Si ivunjwe, isimame.

Pilau ililiwa. Kuna mambo ambayo hata msiba hauyazuii, na mchele wa mwaka ule ulikuwa mmojawapo. Watu walikula kimya, kama wanaokula hitima, wakamega na matandu chini ya sufuria, wakanawa, wakaondoka haraka wakasimulie. Waliobaki ni watu wa nyumba, Machano aliyekaa mkekani hajala kitu, na Jecha, ambaye hakuondoka kwa sababu mkewe alikuwa nyuma ya pazia na hiyo ndiyo nafasi yake ya kwanza kuwa naye karibu tangu chumvi ile.

Ikasikika sauti ya Mwanapili. "Bwana Jecha."

"Naam."

"Mwatima ni nani?"

Jecha akatazama huku na huku, kama haamini kuwa anaruhusiwa kusema. "Dada yangu," akasema. "Marehemu. Ndiye alonilea. Alikuwa hatii chumvi chakulani, hata umlilie. Siku ile mchuzi haukuwa na chumvi, na mimi… nkawa mdogo tena. Nkamwita."

Nyuma ya pazia Bi Tabia akaangua kilio. "Mbona hukusema?"

"Nlikatazwa," akasema Jecha.

Machano akaiona aibu inamjia, akatamani sakafu ipasuke. Lakini Mwanapili alikuwa hajamaliza. Mshona kofia haachi tundu nusu.

"Machano."

"Naam."

"Mimi sisemi kama ulimi umeteleza, wala sisemi kama haukuteleza. Bwana Jecha jina lile lilitoka mahala, ila si pale ulipopasema wewe. Wewe hukuuliza, ulijibu tu. Mimi nnakuuliza. Anayeoza ni walii. Wewe umewahi kumuoza nani?"

"Mimi sipandi baiskeli," akasema Machano.

Hakuna aliyemuuliza habari za baiskeli. Mzee Kificho alimtazama kwa huruma, akidhani akili imemtoka. Machano mwenyewe alilisikia neno lake likipita ukumbini, akaushika ukuta, akateremka nao mpaka chini. Kisha akaanza kulia, na ndani ya kilio akasema mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu, Unguja wala Ujerumani, wala mwenyewe.

Alikuwa na dada. Jina lake Mwanamkasi. Baba yao alipokufa, Machano alikuwa kijana wa miaka ishirini, na yeye ndiye akawa walii. Mtu mzima mmoja wa Kiembe Samaki, Bwana Mabrouk, mwenye minazi na ndevu nyeupe, alimposa Mwanamkasi, na siku alipoleta posa alimletea kaka mtu baiskeli mpya, ina taa na kengele. Siku ya nikaha shehe wa siku ile alimtuma Machano ndani akamuulize bibi arusi, kama ilivyo desturi, na desturi ni kwamba mwari akinyamaza, kuridhika kwake ndiko huko. Machano akaingia. Mwanamkasi akajifunua kanga usoni, akamtazama, akasema, "Sitaki, kaka." Hakunong'ona. Nje watoto walikuwa wanachezea kengele ya baiskeli. Machano akasimama kidogo, akaisikiliza kengele ile, kisha akatoka.

"Shehe akaniuliza, 'Vipi?'" akasema Machano. "Nkamwambia, 'Kanyamaza.' Akanishika mkono, na mimi nkasema, nimekuozesha."

Baiskeli aliipanda mwezi mmoja, akampa mtu. Hakwenda kumtazama dada yake, kwanza kwa aibu, halafu kwa mazoea, halafu akawa hana dada. Alipokwenda Ulaya alipandia ndege Kiembe Samaki, akapita barabara ya nyumbani kwa dada yake, akauelekeza uso wake dirisha la upande wa pili. Huko Leipzig alikaa jikoni kila jioni akifundishwa kwamba mtu huzika mambo, akashangaa sana jinsi watu wengine walivyo.

Mwisho Mwanapili akasema, na sauti yake haikuwa kali. "Nenda kamlete. Siku atakayokaa huyo dada yako chumbani kwangu, na shehe aje. Kabla ya hapo, mimi siolewi nawe."

Jecha alimpa baiskeli yake aende nayo. Alimpa kwa wema au kwa kisasi, hatujui, na yeye mwenyewe angekuwa wa mwisho kujua. Machano hakuipanda. Aliikokota kutoka Mlandege mpaka Kiembe Samaki, na watu njiani wakamuuliza kama ina pancha, akawajibu ndiyo, ina pancha.

Alimkuta Mwanamkasi kando ya barabara, ana kisahani cha pilipili na karai la mihogo ya kukaanga. Bwana Mabrouk alikwisha kufa, watoto wake wawili walikuwa shule. Alikuwa mnene kidogo, ana mvi mbili tatu mbele, na alimjua kaka yake kwa mwendo kabla hajamuona uso. Aliinua macho akaitazama baiskeli, kisha akamtazama yeye.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Heshima hiyo ilimkata Machano maini. Aliitikia marahaba kwa shida, akakaa juu ya jiwe, na kwa kuwa hakujua aanzie wapi, akaanzia Leipzig. Akasema juu ya yule mlafi wa chini na yule mkali wa juu. Akasema juu ya ghala, jinsi jambo zito linavyoweza kuzikwa na mtu asijue kama analo, na jinsi bomba likizibwa linavyofumka kwingine. Mwanamkasi alimsikiliza huku anageuza mihogo. Alimngoja mpaka akaishiwa.

"Siku ile nlisema nini?" akamuuliza.

Machano akatazama chini. "Ulisema hutaki."

"Na wewe ukawaambia nini?"

"Nliwaambia umenyamaza."

Mwanamkasi akaitoa mihogo, akaiweka ichuje mafuta. "Basi. Miaka kumi na mitatu mimi peke yangu ndiye nliyekuwa nalijua neno hilo. Hata marehemu alikwenda kaburini akidhani nlinyamaza." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha, Mungu amjaalie, akacheka kidogo, kicheko cha hasira. "Na hizo nafsi zako tatu, kaka, hata moja haikujua njia ya Kiembe Samaki?"

Mwanamkasi alipika karai zima, akauza mpaka muhogo wa mwisho, naye kaka yake amekaa pale juu ya jiwe, anawapa wateja pilipili. Jioni akamwambia atakuja. "Siji kwa ajili yako. Nnakuja kumtazama huyo mtu aliyekuuliza."

Ijumaa iliyofuata shehe akarudi Bububu. Safari hii hapakuwa na pilau, na waliohudhuria walikuwa wachache kwa kiasi hicho hicho. Bi Tabia na Jecha walifika pamoja, wameshapatana, na yeye ndiye aliyekuwa akimsemea Jecha kila kitu, kama zamani. Mwanamkasi aliingia chumbani kwa bibi arusi na kapu la mihogo, pazia likashuka, na wawili hao walikaa kitambo wakizungumza kwa sauti ya chini. Machano ukumbini hakusikia hata neno, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakujaribu kulibuni.

Ukafika wakati wa kumuuliza bibi arusi. Mzee Kificho akainuka kwenda mlangoni, lakini Mwanapili alikuwa ameomba Mwanamkasi awe shahidi wa jibu lake, na yeye ndiye amfikishie shehe. Baba akauliza pale kwenye pazia, akajibiwa, akarudi kukaa, uso umempwaya kidogo kwa kunyang'anywa kazi yake. Kisha Mwanamkasi akatoka, amejitanda buibui lake, akasimama mbele ya wanaume wote.

Shehe alikuwa anafungua kitabu chake. Hakuinua kichwa, aliuliza kama anavyouliza kila nyumba.

"Vipi? Kanyamaza?"

Mwanamkasi alimtazama kaka yake kwanza. Alimtazama mpaka kila mtu ukumbini akageuka kumtazama.

"Hakunyamaza," akasema, na sauti yake ikafika barabarani. "Kasema. Kasema anataka."

Machano akainamisha kichwa, akalia mbele za wakwe, na hakuna aliyemuuliza analia nini. Mwenyewe alikuwa anajua. Shehe akamngoja mpaka akamaliza, ndipo akaushika mkono wake.